Jina Lako kwenye Makala ya Mbaazi

Mpendwa wifi,

Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Ndiyo maana nakuandikia hapa, mahali ambapo mtu yeyote anaweza kusoma. Siku nilipokukosea wewe hukuwepo, lakini sikuwa peke yangu. Walikuwepo watu wengine wanne kwenye mazungumzo yale, wote wakinisikia, na kosa la mbele za watu sitaki niliombee radhi chumbani.

Wasiotujua watauliza sisi ni nani. Wewe ni Mama Naomi, mke wa kaka yangu Daniel. Kabla hujawa wifi yangu ulikuwa rafiki yangu chuoni, tukisomea kilimo darasa moja. Mimi ndiye niliyekuleta kwetu Bonga likizo ile ya kwanza. Nilikukalisha jikoni kwa mama mkawa mnachambua maharage, na kaka, ambaye hakuwa na desturi ya kuingia jikoni, akaja mara tatu kuuliza kama chumvi ipo. Mara ya tatu mama akamwambia, "Daniel, chumvi ipo. Kaa chini uongee na mgeni." Ukacheka mpaka ukafunika uso kwa kanga. Basi, mwaka uliofuata nikapata wifi.

Kisha tukaajiriwa kwenye mradi mmoja wa utafiti hapa Babati, na swali la utafiti ule lilikuwa lako. Nataka hilo lijulikane kabla ya mengine yote. Tulikuwa tumetumwa Sigino kuwaambia wakulima wapande mbaazi kwenye mistari yake, mbali na mahindi. Mama Safari, yule mama mwenye shamba la mteremkoni, alitusikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi naweka shimo moja na mahindi. Mama yangu aliweka hivyo. Nyie mmeshapima kwamba nakosea, au mmeambiwa tu?"

Mimi nilianza kumjibu kwa maneno ya kwenye kitabu. Wewe uliinama ukatazama shimo lake. Tuliporudi barabarani ukaniambia, "Wifi, yule mama ametuuliza swali ambalo hakuna mtu amelijibu. Hatujapima." Jioni ile ile ukakaa ukaandika kurasa mbili. Profesa, mkuu wa mradi wetu, alizipenda, akazitia kwenye mpango wa kazi, na kwa misimu mitatu hizo kurasa mbili ndizo zilizotupeleka shambani.

Unakumbuka matope ya Sigino mvua zikikolea? Tulikuwa tunapanda bodaboda mishikaki, wewe katikati, madaftari yamefungwa kwenye mfuko wa nailoni tumboni mwako kama mtoto. Shambani wewe ulihesabu maganda ya mbaazi, mimi nikahesabu, na namba zisipolingana ulikuwa na neno moja tu: "Tena." Nilikuwa nakuchukia kwa neno hilo, njaa inauma, Mama Safari ameshapakua makande na yanapoa. Lakini hukuwahi kuandika namba ambayo huiamini. Hata ulipokuwa na mimba ya miezi minane ulikuja, ukakaa juu ya debe lililogeuzwa pembeni ya shamba, ukawa unapokea hesabu zangu na kuziandika kwa mwandiko wako ule mdogo ulionyooka. Wiki mbili kabla ya kujifungua ulimtumia Profesa rasimu ya sehemu ya mbinu, yaani maelezo yote ya jinsi tulivyofanya kazi, tangu kuchagua mashamba hadi kupima mavuno. Mimi nilipata nakala. Nilijua kila sentensi imetoka kwa nani.

Halafu ukaenda likizo ya uzazi, na makala ikaandikwa bila wewe.

Sasa niseme nilichokifanya, kwa sababu ulikisikia kwa mukhtasari tu. Profesa alituita kwenye mazungumzo ya mtandao, sisi watano, tupange majina ya waandishi. Alijiweka wa kwanza. Wakafuata wenzake wawili wa nje, ambao Sigino hawaijui hata kwenye ramani, kisha mtakwimu, kisha mimi. Akasema, "Mama Naomi hakushiriki kuandika. Tutamweka kwenye shukrani." Nikataka kusema kitu. Kabla sijafungua mdomo akaongeza, "Na wewe, Dokta, kwa kazi uliyofanya shambani, nakusogeza nafasi ya pili." 

Nikasema, "Sawa, Profesa."

Ni maneno mawili hayo tu, na nimekaa nayo miaka minne. Sikutishwa wala sikudanganywa. Nafasi ya pili ilinipendeza, nikaipokea.

Na ujinga wangu haukuishia hapo. Makala ilipotoka niliichapisha steshenari pale stendi, nikaitia kwenye bahasha nzuri, nikaja nayo kwako siku niliyoleta nguo za mtoto. Sijui nilitegemea nini. Ulikuwa umempakata Naomi. Ukasoma majina kwa mpangilio, ukarudia, kisha ukafunua ukurasa wa mwisho kwa kidole kimoja ili usimwamshe.

"Nimeshukuriwa," ukasema. "Pamoja na dereva wa mradi."

Nikaanza kuzikunjua nguo za mtoto.

"Dereva alifanya kazi nzuri, lakini. Wewe ulikuwepo walipopanga majina?"

"Nilikuwepo."

"Ulisema nini?"

"Nilisema sawa."

Ukanirudishia bahasha. Hukupandisha sauti. Ukaniuliza kama nitakunywa chai, na nikajua kwamba ile ilikuwa chai ya mgeni.

Mwaka huo huo kaka akahamishiwa Songea, wewe ukapata kazi ya kufundisha baiolojia sekondari, mkaondoka. Krismasi ya kwanza hamkuja, wala ya pili, wala zilizofuata. Mama aliniuliza mara nyingi tulichogombania. Nikamwambia ni makala. Akauliza, "Makala ndiyo nini?" Nikamwonyesha. Akaigeuzageuza, akasema, "Mmegombania karatasi?" Nilishindwa kumweleza kwamba kwenye kazi yetu mtu huhesabika kwa karatasi hizo. Asiye na jina pale juu hakufanya kitu, hata kama miguu yake bado ina matope.

Aliyenisukuma ni Mama Safari. Mwaka jana baada ya mavuno nilienda kumpelekea matokeo, yamefupishwa kwa Kiswahili, nikabeba na makala yenyewe ili aione. Nilimwamkia shikamoo, akanikaribisha, nikamsomea kwamba mwaka wa mvua haba shimo lake moja halikushindwa na mistari yetu. Akapiga makofi. "Nilisema!" Kisha akavaa miwani yake, akaichukua ile makala. Kiingereza hajui, ila majina ya watu anayasoma vizuri tu.

"Yule mwenzako," akasema, "yule aliyekuwa anakaa juu ya debe langu na tumbo. Nionyeshe jina lake."

Ilinibidi nifunue hadi mwisho.

"Mbona liko mkiani huku?"

Nikaanza kueleza habari za likizo ya uzazi. Akanikatiza. "Kwa hiyo alipoenda kuzaa mkala chakula chake."

Wifi, sijawahi kuambiwa neno likaniingia namna ile. Nilirudi mjini nikaenda moja kwa moja ofisini, nikatoa madaftari yote saba kwenye kabati, nikayapanga juu ya meza. Matano yalikuwa ya mwandiko wako. Nikatafuta barua pepe ya rasimu yako, nikaiweka sambamba na makala iliyochapishwa, nikapiga mstari chini ya kila sentensi iliyo yako. Sehemu ya mbinu karibu yote ilikuwa na mistari. Nikamwandikia mhariri wa jarida nikamweleza: kuna mwandishi ameachwa, ushahidi huu hapa, na mimi ni mmoja wa waliomwacha.

Mhariri akajibu kwamba waandishi wote lazima wakubali kwa saini. Wale wawili wa nje walinijibu upesi, na kwa aibu. Mmoja aliandika kwamba hakuwahi kuambiwa kuna mtu kama wewe. Mtakwimu akasaini bila neno. Akabaki Profesa, naye alinipigia simu.

"Unanivunjia heshima yote hii kwa sababu ya wifi yako?"

"Hapana, Profesa. Kwa sababu ni sentensi zake."

"Mradi mpya unaanza, unajua. Jina lako lilikuwemo."

"Najua."

"Basi fikiri vizuri."

"Nimefikiri, Profesa. Nimechelewa tu kusema."

Sauti yangu haikutetemeka, na hilo nataka ulijue. Alisaini baada ya mhariri kumwandikia yeye mwenyewe. Kwenye mradi mpya jina langu likaondolewa kama alivyoahidi. Sikulia. Nilikaa na wenzangu wawili wa hapa mkoani tukaanzisha kazi yetu, ndogo, ya mashamba machache ya Sigino na Bonga, na kabla ya mbegu ya kwanza kuingia ardhini tulikubaliana kwa maandishi nani atafanya nini na jina lake litakaa wapi. Tulibishana asubuhi nzima. Lakini tulibishana tukitazamana usoni.

Tangu hapo kila makala ninayoishika naanza kuisoma kwenye majina. Huwa naona watu wa vyuo mbalimbali wakiwekana, leo mimi nikuweke, kesho wewe uniweke, mpaka majina yale yale yanafuatana kwenye makala kumi kama mabehewa. Kisha nafunua shukrani, na huko nawakuta walionyeshewa mvua. Mara nyingi ni wanawake, na mara nyingi wana majina ya mahali kazi ilipofanyika. Sisemi ni kila mahali. Nimewaona wakubwa waliojirudisha nyuma wenyewe ili wadogo waonekane, na nimejifunza kwao. Lakini nimeacha kuamini kwamba mpangilio wa majina hujipanga wenyewe. Kuna siku watu hukaa wakaupanga, na mtu aliyepo siku hiyo ana mdomo.

Ikabaki saini yako. Bila hiyo jarida lisingeliweka jina lako, kwa sababu mtu haandikwi mwandishi pasipo ridhaa yake. Hukupokea simu, nikakutumia fomu kwa basi, kwa jina la kaka. Sikuambatanisha barua. Niliandika tatu nikazichana, kila moja ilikuwa inajitetea.

Wiki tatu kimya. Nikaanza kuzoea kwamba umekataa, na kwamba una haki. Kisha nikapigiwa simu kutoka ofisi ya basi nikachukue bahasha. Niliifungulia pale pale nimesimama, bajaji zikinipigia honi nizipishe. Saini yako ilikuwepo. Salamu haikuwepo. Nyuma ya fomu ulikuwa umebana kikaratasi cha daftari la shule, na juu yake sentensi mbili:

"Jedwali la tatu, shamba la pili kutoka chini, mmeandika mbaazi za muda mrefu; ni za muda mfupi. Angalieni daftari la nne."

Nilienda kuangalia daftari la nne. Ni za muda mfupi, zile zinazowahi kukomaa. Tulikuwa watano, na wahakiki wa jarida, na wasomaji sijui wangapi, hakuna aliyeliona kosa hilo. Wewe umeliona Songea, bila daftari mbele yako, kwa kichwa tu, baada ya miaka minne. Nilicheka, kisha nikalia kidogo, kisha nikamwandikia mhariri kwamba masahihisho sasa ni mawili, na la pili limeletwa na mwandishi mpya.

Yametoka yote mawili wiki iliyopita. Wewe ni mwandishi wa pili. Mimi ni wa tatu, na hapo ndipo nilipostahili kuwa tangu mwanzo. Nilienda Sigino kumwonyesha Mama Safari. Alitafuta kwa kidole mpaka akakupata, akasoma kwa sauti majina yako yote matatu, akasema, "Haya. Sasa mwambie aje ale."

Sijui kama umenisamehe. Saini si msamaha, najua kusoma fomu. Sikuombi usahau ile chai, mimi mwenyewe sijaisahau. Ila siandiki nikiwa nimeinama. Nilikosa, nikasema nimekosa, nikarekebisha kile ambacho mikono yangu inaweza kurekebisha, na leo nikitaja jina lako mbele ya watu sauti yangu iko sawasawa. Kwenye kazi yetu mpya kuna swali la mbaazi za muda mfupi ambalo sisi watatu tunalizungukazunguka tu. Tunahitaji mtu wa kutuambia turudie hesabu. Ukikubali, nafasi ya jina lako tutaipanga ukiwa umekaa mezani. Ukikataa, nitakuelewa, na bado utabaki wifi yangu.

Msalimie kaka, na umbusu Naomi, ambaye naambiwa sasa anajua kuandika jina lake. Mama ameshasikia kwamba umesaini. Habari za jarida hakuzielewa, lakini hilo la saini amelielewa vizuri mno. Anasema msipokuja Pasaka atapanda basi mwenyewe hadi Songea kuwafuata, na kwamba harudi bila nyinyi. Jana nimemkuta ananunua begi.

Akupendaye,
Wifi yako, shangazi wa Naomi
Bonga, Babati