Wavu wa Sensa ya Hewa

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu ametumbukiza spana yangu namba kumi kwenye kikombe chake cha maziwa, sasa hivi tu, kisha akanitazama kama mtu aliyemaliza kazi. "Inakunywa, mama!" Nimecheka mpaka nimekaa chini. Spana imekunywa, imeshiba, nimeisuuza na kuirudisha mkobani. Miaka miwili na nusu, na ameshajua vyuma vya mama lazima vilishwe!

Hii ndiyo wiki ya mwisho ya majaribio pale gereji. Jumamosi fundi mkuu ataniambia kama nabaki au naondoka. Mwezi mzima sijachelewa hata siku moja — nashukuru mama mkwe, anamshika mtoto tangu asubuhi na wala hanuni. Shule niliishia la saba. Lakini mikono yangu inaelewa haraka, fundi mwenyewe alisema. Mungu, nibaki. Nimeipenda hii kazi jamani.

Jumanne, 4 Machi

Fundi alitoka kutafuta vipuri. Akaja Mama Keki, anayeoka keki na kuwapelekea watu kwa gari lake. Analalamika gari likipanda mlima linachoka. Ameona kwenye simu mtu anang'oa wavu ulio ndani ya sensa ya hewa, kile kifaa kinachopima hewa inayoingia kwenye injini, eti injini inapumua, nguvu zinaongezeka. "Mwanangu, kiwavu tu hicho! Dakika tano!" Nikamwambia tumsubiri fundi. Akasema saa nane ana keki ya uchumba, bibi harusi mtarajiwa hasubiri fundi wala mtu yeyote.

Nikafungua. Sensa inakaa kwenye bomba la hewa, mbele kidogo ya filta. Mdomoni ina wavu mwembamba kama wa chujio la chai. Nikajisemea, kweli, hiki kimeziba njia. Nikakibana kwa koleo, nikavuta — tak! Gari likawaka. Nikakanyaga mafuta, likanguruma hilo! Mama Keki akanikumbatia na unga wake wote.

Sasa, gereji kwetu kuna sheria. Kila kinachotolewa kwenye gari kinawekwa kwenye kopo la gari hilo, kinakaa siku tatu. Hata skrubu iliyooza. Ule wavu sikuuweka. Niliutia mfukoni. Sijui kwa nini.

Najua kwa nini. Fundi angeuona angeniuliza nani kakuruhusu.

Jumatano, 5 Machi

Gari limerudi; Mama Keki ameliacha mlangoni, akakimbilia oda zake kabla fundi hajafika. Taa ya injini inawaka. Likisimama linatetemeka, mlio unapanda unashuka, kama lina kwikwi. Linanuka petroli. Fundi akachungulia kopo — tupu. Akaniuliza jana niligusa nini. Nikasema nilisafisha tu.

Nilisafisha! Kwa mdomo wangu huu.

Basi akafungua plagi zote nne. Akafuata nyaya moja moja. Saa mbili nzima ameinama na ule mgongo wake mbovu, mimi nimemshikia taa, wavu uko mfukoni kwangu. Mwisho akaniambia pole, binti, leo nimekuchosha. Yeye ndiye ananipa pole mimi!

Alhamisi, 6 Machi

Nimesema.

Nilifika kabla ya wote. Nikautia wavu kwenye kopo, nikampelekea fundi. Nikamwambia niliung'oa mimi, na jana nilikudanganya. Hakupiga kelele. Bora angepiga! Aliuinua wavu kwenye mwanga, umekunjika kama karatasi ya pipi.

Halafu akanieleza. Kumbe ule wavu hauzibi hewa, unaipanga foleni. Ndani ya sensa kuna uzi mwembamba unaohesabu hewa inayopita, na kompyuta ya gari inamwaga petroli kwa hesabu hiyo. Ukiung'oa wavu, hewa inaingia kwa fujo, kama watu mlangoni siku ya vitu vya bure. Hesabu inavurugika. Siku ya kwanza unasikia mngurumo unadhani ni nguvu.

Nikaelewa. Nikaelewa kabisa! Nikataka kulia na kuuliza maswali kwa wakati mmoja.

Akasema, "Kung'oa wavu ni kutojua. Kutojua nakufundisha. Kopo tupu je, nakufundishaje?" Akasema Jumamosi iko palepale, na kwanza nikamwambie mwenye gari kwa mdomo wangu.

Nikaenda. Mama Keki kumbe keki ya uchumba ilifika imelala upande, gari lilivyokuwa likirukaruka. Akalazimika kuoka nyingine mbio mbio kabla ya sherehe ya jioni. Nilidhani atanifukuza. Akaniangalia, akafuta mikono. "Na mimi niliyekusukuma je? Tugawane, mwanangu. Wewe chukua nusu ya aibu, mimi nusu." Nashukuru sana. Kuna watu wana moyo.

Ijumaa, 7 Machi

Nyuma ya gereji kuna gari bovu, aina ileile. Fundi akaniambia toa sensa yake, na usiguse uzi hata kwa pumzi. Nikaitoa. Nikaipulizia dawa ya kusafishia, nikasubiri ikauke, nikaifunga kwenye gari la Mama Keki. Wavu wake mzima, umenyooka. Wa zamani kwenye kopo, pamoja na sensa yake.

Kisha akauliza: "Huyo mama alitaka hewa. Hewa yake iko wapi?" Nikafikiri. Nikafungua boksi la filta — ee mama yangu! Filta nyeusi kama soli ya kiatu. Haijawahi kubadilishwa. Njia imezibwa hapo siku zote, na sisi tunahangaika na kiwavu! Nikaweka mpya. Gari likawaka, likatulia tuli. Fundi akasikiliza, akaguna. Sijui kuguna kwake maana yake nini.

Nyumbani mama mkwe kaniuliza, kesho je? Nikasema sijui. Akasema hata ukirudi mikono mitupu, mikono yenyewe inajua kitu sasa. Nikambusu.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nimekaa juu ya tairi. Fundi na Mama Keki wamelipandisha gari mlimani kulijaribu. Hajaniambia chochote bado. Lakini hata iweje, nimepata mwezi mzima wa kujua vitu ambavyo sikujua vipo.

Wamerudi. Mama Keki ananipungia kwa mikono miwili — mama, shika usukani kwanza! Gari limepanda. Asante, Mungu, limepanda.

Fundi kashuka, hata huku hajaangalia. Amesimama na dereva wa teksi aliyeingia sasa hivi, ana simu mkononi, anaonyesha. Naye anataka ang'olewe wavu! Fundi anamwambia hapa tuna mtu wetu wa mambo ya hewa, ngoja akueleze mwenyewe. Mtu yupi? Leo mafundi tuko wawili tu, yeye na mi— ananiita. Anasema niache kalamu, nije, na nimwambie huyu kaka ukweli wote, tangu kuung'oa wavu mpaka kopo tupu.