Siku Sitini na Mbili

4 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Kifua kimetulia? Randa bado inakutii?

Uliuliza nafanya nini huku maabara. Kuna kijidudu cha udongoni kinachotengeneza sumu. Inajibandika kwenye vinasaba vya seli, seli inashindwa kugawanyika, inakufa. Inaua saratani, lakini inaua na ini. Basi tunaiiga kama wewe unavyoiga kiti cha mteja: tunabakiza kinachoshika, tunachonga kinachodhuru. Toleo la kumi na tisa limenitoa machozi. Uvimbe wa panya umenywea, na leo, siku ya thelathini tangu tuwape, wanakula na kukimbizana.

Binti yako

12 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Hicho kifua unachokiulizia kina saratani. Daktari aliniambia tangu Desemba, nikanyamaza usije ukaacha kazi. Sasa nakuomba, na unajua siombi ovyo: niletee hiyo ya kumi na tisa. Panya wamenilia unga miaka yote, leo wanitangulie na kwenye dawa? Mfa maji haachi kutapatapa.

Baba yako

17 Februari

Baba,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nimesimama, nimeimaliza nimekaa sakafuni.

Siwezi. Haijawahi kuingia mwilini mwa mtu. Ile sumu ya asili huchelewa: mnyama anaonekana mzima wiki nyingi, kisha ini linamwangusha ghafla. Sijui kama tumeuchonga ubaya wote. Ukifa kwa mkono wangu nitaishi vipi? Ulinifundisha mwenyewe: gundi haijakauka, kiti hakikaliwi.

Binti yako

8 Machi

Baba,

Shikamoo. Wiki ya tatu hii hujanijibu. Najua umekasirika.

Leo, siku ya sitini na mbili, tumekuta panya wote kumi na wawili wamekufa. Ini. Nimelia, lakini nimeshukuru pia. Sasa unaona sikukosea kukukatalia. Tumeanza toleo la ishirini.

Binti yako

14 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Vumilia mwandiko, kalamu siku hizi nzito kuliko nyundo.

Siku sitini na mbili! Tena wanakula na kukimbizana. Uliponiandikia habari za gundi, daktari alikuwa amenipa mwezi mmoja. Tangu hapo sijaingia karakana, hata uji unanishinda. Kweli hukukosea. Ila mimi kwa miaka arobaini sijakata mbao ya mtu bila kumuuliza anataka nini. Wewe hukuniuliza.

Baba yako

22 Machi

Baba,

Nimefika jana. Mlangoni nikasema shikamoo kwa mazoea, majirani wakainamisha vichwa.

Barua yangu ya mwisho, ya kujibu yako ya tarehe kumi na nne, nimeikuta chini ya mlango wa karakana, haijafunguliwa. Nilikuwa nimekuuliza humo. Nimeifungua mwenyewe, nimekishusha kiti ulichokiacha mezani bila kupigwa msasa, nikakikalia, nikajisomea kwa sauti swali lenyewe: ulikuwa unazitaka hizo siku?

Gundi yake imekauka, Baba. Kinakalika.

Binti yako