Kifaransa cha Anastazia

Marangu, Jumamosi usiku

Tulikuwa kwenye pombe ya mbege, nawaeleza wenzangu nilivyobishana na magavana wa Kongo kwa Kifaransa. Mara akaingia mpwa wangu Anastazia, katoka shule ya masista, ambako siku hizi wanafundishwa kwa Kifaransa kutwa nzima.

"Shikamoo, mjomba!" Kisha akaniporomoshea Kifaransa.

Mimi na Kongo wapi na wapi! Watu wananingoja. Nikaunguruma puani, basi.

"Mjomba kasemaje?" balozi wetu wa nyumba kumi akamuuliza Anastazia.

"Anasema siku ya kipaimara changu atanichinjia yule ndafu anayemnonesha ndani."

Mbuzi wangu! Makofi yakalia. Mtoto ananitazama, hata hacheki.

Nikakohoa. "Ndivyo nilivyosema."