Mlete Bakari Apimwe Damu

Mdogo wangu Zuhura,

Salamu nyingi kutoka Maskati. Hamjambo hapo Usagara? Miguu ya mama imepoa? Mpe shikamoo yangu kabla hujaendelea kusoma.

Umeandika maduka ya Tanga yamejaa, sabuni mnachagua rangi. Bahati yenu. Mimi niliondoka bado tunapanga foleni.

Picha ya Bakari nimeipata. Kavaa jezi, kakanyaga mpira kama kaua simba. Zuhura, roho iliniuma. Hamisi wangu ndiye aliyekuwa akimpiga chenga mwanao mpaka anakaa chini, na chuoni alimwacha juzuu mbili, shahidi wewe. Leo hata kikombe cha maji namshikia mimi. Nikaigeuza picha ukutani. Hamisi akasema taratibu, "Mama, mrudishe Bakari, namwangalia."

Daktari wake ni Mpemba, tunaelewana. Kasema mishipa ya ubongo imevikwa mafuta, kama waya wa umeme ulivyovikwa plastiki. Ya Hamisi yana hitilafu ya kuzaliwa. Sasa askari wa mwili, wale wanaofukuza maradhi, wakiyaona wanadhani adui kaingia. Wanatoa kemikali za kuitana, wanajaa ubongoni, wanapiga kibovu na kizima.

Nikamwambia, "Mwanangu hata askari wake ni wakali."

"Mama Hamisi," akasema, "hao bora wangekuwa wavivu."

Akaniuliza ya kwetu. Nikamtaja mjomba Seifu, alivyoanza kuangusha vitu mpaka akalala kitandani moja kwa moja, tukaambiwa ana jini. Daktari akaniangalia. "Ugonjwa huu hupitia kwa mama, ukawashika wavulana. Una ndugu wa kike mwenye mtoto wa kiume?"

Mlete Bakari apimwe damu. Kaka Salimu, huyu tunayekaa kwake, kakubali kukata tiketi. Hamisi tumechelewa. Bakari, hata akiwa nao, yapo ya kufanya kabla askari hawajaanza kuitana. Usiniambie mzima, anacheza mpira. Hamisi naye alicheza, tena vizuri zaidi.

Msalimie shemeji, na shangazi muuza mikate ya ufuta, mwambie ya huku haifui dafu kwa yake.

Picha nimeirudisha, inatutazama. Bado naona wivu, sikufichi. Nataka nimwonee Bakari wivu mpaka siku anaoa.

Dada yako anayekupenda,
Mama Hamisi