Karatasi ya Majaji Imenitaja Mimi

Mwenzangu, uko wapi? Nimejifungia chooni hapa ukumbini, sijui nicheke au nilie.

Jana baada ya mzunguko wa kwanza wa mashindano, majaji walituandikia maoni kwenye karatasi kuhusu tunavyoieleza roboti yetu. Mwalimu akayasoma mbele ya timu nzima: "Msemaji wenu anajibu maswali ya kila mtu. Tungependa kumsikia aliyetengeneza mkono wa roboti." Msemaji ni nani? Mimi! Mimi niliyeandika kila neno!

Na mkono kautengeneza nani? Kimya. Ndivyo tunavyomwita, maana hata akiitwa jina darasani anaitikia kwa kichwa.

Leo jaji mmoja akauliza, "Mkono ulivunjika mara ngapi?" Mdomo wangu ukafunguka wenyewe. Jibu nilikuwa nalo! Mwalimu akanitazama tu, nikameza maneno yangu.

Kimya akasema, "Mara tisa. Ya sita nililia, nikataka kuacha." Kisha akaeleza kila ulipovunjika, taratibu, ameushika ule mkono kama wa mtoto mgonjwa. Majaji wakaacha kuandika. Wakaacha kuandika, mwenzangu! Kwangu hawajawahi kuinua hata macho.

Tuzo ya uwasilishaji tumechukua sisi. Kombe kakabidhiwa yeye, akaja nalo moja kwa moja kwangu: "Asante kwa kuniachia."

Eti kuniachia! Kumbe alidhani nimempisha kwa hiari yangu.

Nikamkumbatia, sikumsahihisha. Usiniambie nimekua. Nina wivu mpaka kwenye kucha, na huko nje wananiita tupige picha.