Mita Mia za Baba

Jumatatu, 3 Juni

Barua ya mtihani imefika. Baba ameibandika ukutani kwa gundi yangu ya shule — bila hata kuomba! Jumanne ijayo kila koplo kikosini atapimwa kazi yake. Wapishi watapika, madereva wataendesha, na baba, ambaye ni mwongoza njia, atapewa ramani, dira na muda wa saa nne. Ndani ya muda huo atafute nguzo tano zilizofichwa porini na kuandika herufi iliyopakwa kwenye kila nguzo. Peke yake. Simu inabaki kambini.

Asiyefaulu anaondolewa kwenye kazi yake. Mama akauliza, anapelekwa wapi? Getini, baba akasema, kuandika namba za magari. Alivyolitamka hilo "getini" ungedhani ni gerezani. Mama akacheka. Baba hakucheka.

Miaka kumi na mmoja baba anatangulia na wenzake wanafuata. Naomba sana iwe hivyo hivyo.

Jumatano, 5 Juni

Twiga alikuja jioni. Ni rafiki yake baba wa kikosini, mrefu mpaka anainama mlangoni kwetu. Walitandaza ramani mezani, mimi nikashika kona moja isijikunje. Nikauliza porini mtu anajuaje amekwenda umbali gani. Baba alifurahi kuulizwa! Unahesabu, akasema. Kila mguu wa kushoto ukikanyaga, moja. Yeye akifika sitini na mbili, ni mita mia. Hapo anahamisha kokoto moja kutoka mfuko wa kulia kwenda wa kushoto, anaanza tena moja.

Sitini na mbili ni namba yake tangu akiwa kuruta. Hata mama anaijua.

Twiga akamtania: "Na hilo goti la mwaka jana, koplo, bado sitini na mbili?"

"Goti limepona. Daktari mwenyewe kasema."

"Sawa, limepona. Lakini limeambiwa kuna mtihani?"

Wakacheka wote. Mimi nilicheka kidogo tu. Mwaka jana, kabla baba hajaanguka kutoka kwenye lori, nilikuwa nakimbia ili niende naye sambamba asubuhi hadi njia panda. Siku hizi sikimbii. Nilidhani nimekua!

Alhamisi, 6 Juni

Nimepiga hesabu nyuma ya daftari. Tuseme hatua yake imefupika, mita mia sasa ni sitini na nane, ila yeye bado anaishia sitini na mbili. Katika kilomita moja atasimama karibu mita tisini kabla ya nguzo. Mita tisini za vichaka! Atazunguka hapo mpaka muda uishe.

Huenda nimekosea. Lakini nani atamwambia? Mama anasema baba hapendi kuguswa hilo goti hata kwa mdomo.

Jumamosi, 8 Juni

Nimefanya. Nilimwambia baba kwamba uwanjani shuleni tumechorewa chokaa ya mbio za mita mia, nikamwomba anionyeshe hatua zake. Hakujua kama ni mtego — au alijua, sijui. Akatembea mgongo wima, midomo ikicheza. Sitini na mbili. Akasimama.

Mstari wa mwisho ulikuwa kule mbele. Mbali!

Baba akautazama. Akasema mwalimu wetu wa michezo hajui kupima. Nikasema alipima kwa kamba. Kamba hurefuka ikilowa, baba akasema. Nikarudi nyumbani mbio kumwita mama, akaacha cherehani akaja na ile tepu yake ya kupimia nguo. Ina mita moja na nusu. Tukapima uwanja mzima tukiwa tumechuchumaa, mimi na mama, tepu moja baada ya nyingine, mara sitini na sita, na mita moja juu. Mama alisema hajawahi kumpimia mtu gauni refu namna hiyo. Baba akageuka pembeni, lakini mabega yalikuwa yanacheka.

Chokaa ilikuwa sahihi.

Akasema, "Kumbe." Basi. Akatangulia nyumbani. Nimemuaibisha baba yangu mbele ya mama.

Jumapili, 9 Juni

Asubuhi aliniamsha yeye mwenyewe. "Vaa viatu. Ulete na daftari." Tumetoka uwanjani sasa hivi. Ametembea mara sita, nami nikiandika. Sitini na nane, sitini na saba, sitini na nane, sitini na nane, sitini na tisa (alipiga chafya), sitini na nane. Kisha akakaa kwenye majani, akalikanda goti mbele yangu. Sijawahi kumwona akilikanda. Akasema miguu yake inamdanganya kama karani mvivu. Akasema pia, bila kunitazama, ahsante mama.

Huniita mama akiwa na furaha tu!

Jumatatu, 10 Juni

Baba amelala saa mbili usiku. Wali wake umepoa mezani. Chakula cha jioni tumekula kwa kunong'ona.

Jumanne, 11 Juni

Naandika darasani, saa tatu na robo. Wameanza saa kumi na mbili alfajiri, mwisho saa nne kamili.

Nimemwona! Ametokea porini, amesimama kando ya tangi la maji la shule, anaipeleka dira hapa na pale. Suruali imeloa mpaka magotini. Na njia yake inakatiza uwanja wetu, mbele ya darasa hili hili!

Ameanza. Nahesabu naye. Sitini na mbili — hajasimama. Sitini na nane. Mkono umeingia mfuko wa kulia, umetoka, umeingia wa kushoto. Ee Mungu, ahsante.

Inakaribia saa tatu na nusu. Fundi wa madawati! Ameacha msumeno, amemwendea baba, mkono mbele. Afande, salama? Za siku nyingi? Baba hajui kumpita mtu bila salamu. Ameushika ule mkono. Midomo imesimama.

Imepotea. Hesabu imepotea.

Ametazama saa. Ametazama vichaka mbele. Angeweza kukisia tu aendelee — lakini anarudi! Anarudi mpaka kwenye tangi, anachechemea, wala hafichi. Fundi amesimama wima kama mlingoti, kofia kifuani.

Baba anaanza tena. Moja.

Kengele ya mapumziko. Watu arobaini wanataka kutoka mbio uwanjani, na huko uwanjani ndiko anakopita baba! Nimeuziba mlango kwa mgongo, naandika nikiwa nimesimama, namwona kupitia dirisha la kando. Yule mnene wa dawati la nyuma anauliza nina wazimu gani. Mwalimu amekuja. Ameniuliza kuna nini. Nimemwambia tafadhali, mwalimu, asitoke mtu, asipige mtu kelele, mpaka sitini na nane. Amechungulia dirishani. Ameinua mkono, darasa limenyamaza.

Arobaini na tatu. Arobaini na nne. Bado ishirini na nne, na midomo ya baba bado inacheza.