Saba Yenye Mkato

Jumamosi, 5 Juni
Bahati nasibu imeniangukia mimi, nani mwingine! Mwaka huu wamechaguliwa waliozaliwa Machi, basi kesho nitasimamia kituo cha kura cha shuleni, uchaguzi wa gavana wa jimbo. Dada yangu Chela ananicheka — eti ningemsikiliza mama nikazaliwa kwa wakati. Sheria imepiga marufuku bia hadi Jumatatu, lakini Don Abundio, mtu wa meya, ameonekana akigawa kreti nyuma ya kanisa. Kanisalimia kwa heshima mno. Sikuipenda.

Jumapili, 6 Juni
Watu tele. Tamale, yale maandazi ya mahindi yaliyofungwa majani, ziliisha kabla ya saa nne. Jioni tumehesabu mbele ya mawakala: Daktari wa upinzani kura 271, Injinia wa serikali 117. Nikaliandika bango la matokeo kwa kalamu nene, tukalitundika mlangoni kama ilivyo ada. Ubaldo, wakala wa Daktari na baba wa ubatizo wa binti yangu, aliikunja nakala yake akaitia ndani ya kofia. Eti kichwa chake ndicho benki. Tulicheka wote, ila Don Abundio. Yeye alikuwa anaitazama kofia.

Jumatatu, 7 Juni
Redio imesema Injinia ameshinda. Nimekwenda shuleni. Bango lipo palepale — lakini mwandiko si wangu! Injinia 271. Saba yangu ina mkato tumboni, hizi hazina. Na hapa nani asiyeujua mkono wangu? Nimewafundisha wote kuandika, hata majina ya kwenye misalaba makaburini naandika mimi. Wanazitazama zile saba, kisha wananitazama.
Ubaldo hajarudi nyumbani tangu jana. Mkewe amekuja kuniuliza mara mbili. Naogopa.

Jumanne, 8 Juni
Don Abundio yuko sebuleni, anakunywa kahawa yangu. Kaja na bango tupu na kalamu nene.
"Mwalimu, watu wamekuwa wabishi, lile hawaliamini. Tuandikie wewe, kwa mkono wako. Na ule mkato wako usiusahau."
Nikamuuliza Ubaldo yuko wapi. Alitoa kofia kwenye mfuko wa plastiki, akaiweka mezani karibu na kikombe. Ya Ubaldo. Bitana imechanwa, nakala haimo.
"Ukimaliza, tutamrudishia mwenyewe," akasema.
Mwenyewe! Basi yu hai? Au ni maneno tu?
Nimemwambia natafuta miwani. Naandika hapa chumbani, miwani ninayo usoni. Chela amekaa kitandani, hacheki. Don Abundio ameniita mara ya pili sasa, taratibu, mwalimu, mwalimu — kifuniko cha kalamu nimekisikia kikifunguliwa